Kikombe kimoja, saa tatu: Mji Mkongwe na suala la kulipia ukaaji mikahawani

KIKOMBE cha kahawa hunywewa kwa dakika zisizozidi kumi, lakini aliyekiagiza anaweza kukaa mahali hapo saa tatu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyozua mjadala katika miji mingi duniani, kuanzia London hadi Seoul, na ndiyo iliyowafanya baadhi ya wenye mikahawa kubuni njia za kumtoza mteja si kwa alichokunywa tu, bali pia kwa muda aliokaa au kwa kikao alichokifanya mezani.

Zanzibar suala hili lina sura ya peke yake. Mji Mkongwe una desturi mbili za kahawa zinazoishi bega kwa bega, wakati mwingine katika uchochoro mmoja. Ipo ile ya barazani, ambapo muuzaji huuza kikombe na hakuna anayeuza kiti. Na ipo ile ya mkahawa wa ndani, wenye feni, mashine ya espreso na intaneti isiyotumia waya, ambapo bei ya kikombe imebeba ndani yake bei ya kiti, ya kivuli na ya umeme. Ugomvi wa ukaaji ni wa desturi hii ya pili. Ile ya kwanza haikuwahi kuujua, na sababu ya kutoujua inaeleza mengi kuhusu nani hasa huumia pale saa inapowekewa bei.

Baraza, kwa maana yake ya asili mjini hapa, ni kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani. Hakihamishiki wala hakikodishwi. Mwenye nyumba alikijenga ili apate kupokea wageni wake wa kiume bila ya kuwaingiza ndani na kuwasumbua wanawake wa nyumba. Katika masika, vichochoro vinapojaa maji, baraza hugeuka kuwa njia ya juu ya kupitia. Katika nyumba kongwe za Lamu liko daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande zote mbili, unaofanya kazi hiyohiyo. Ni kwa sababu ya mazungumzo ya hapo, bila shaka, kwamba neno hilo likapanda cheo hadi kuitwa Baraza la Mawaziri, na Zanzibar, tangu mwaka 1980, Baraza la Wawakilishi.

Muuza kahawa alilikuta baraza tayari. Yeye hakujenga kitu wala hakupanga chumba. Alikuja na mdila wa shaba, makaa ya moto, ndoo ya maji ya kusuuzia na vikombe vidogo visivyo na mikono, akivigonganisha kwa vidole ili walio mbali wajue kuwa amefika. Kahawa yake ni chungu, haina sukari, mara nyingi ina tangawizi, na uchungu huo hutulizwa kwa kipande cha kashata ya nazi au ya njugu, na siku za neema kwa halua. Kikombe hulipwa kwa sarafu. Mnywaji hununua kimoja, kisha cha pili, kisha humnunulia jirani yake aliyefika punde, na hesabu hufanywa mwishoni kwa kumbukumbu ya muuzaji, ambaye kwa kawaida hana haja ya kuandika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kwa muuza kahawa wa barazani, mteja anayekaa muda mrefu ni faida tupu. Kiti hakimgharimu chochote, na kila saa inayopita huenda ikazaa kikombe kingine. Watu wakikaa, wengine huvutwa na mazungumzo nao wakakaa. Mwenye mkahawa wa ndani yumo katika hesabu iliyopinduliwa: kila kiti kinamgharimu kodi, na mteja aliyemaliza kunywa lakini hajaondoka amemzuia mteja mwingine asiingie. Watu hawa wawili wanauza kinywaji kimoja, lakini biashara zao ni mbili tofauti.

Mfano unaojulikana zaidi wa baraza la kahawa ni Jaws Corner, uwanja mdogo wa njia panda katika eneo la Sokomuhogo. Jina lake limetokana na Jaws, filamu ya papa ya mwaka 1975, zama ambazo Zanzibar ilikuwa imeanza kuona televisheni ya rangi kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Kuna mabaraza pande zote, na wapo wacheza dhumna, karata na bao. Kwa miaka mingi palikuwa na simu mbovu iliyobandikwa pamoja na tangazo la mzaha kuwa ni ya kupigia nchi za nje bila ya malipo. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, uwanja huo ulijulikana kuwa ngome ya wafuasi wa chama cha CUF, na baada ya Maalim Seif Sharif Hamad kuhamia ACT-Wazalendo mwezi Machi 2019, bendera za hapo zikahama pamoja naye. Upande wa Chama Cha Mapinduzi nao una maskani zake, maarufu kuliko zote ikiwa Kisonge, Michenzani. Katika maskani na mabaraza hayo ndimo kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa, ilipojadiliwa usiku hadi usiku. Hakuna aliyetozwa kwa kujadili.

Wala si Zanzibar tu ambako kahawa na mazungumzo marefu vimekwenda pamoja hadi watawala wakashtuka. Mwaka 1511 mkuu wa mji wa Makka, Khair Beg, alipiga marufuku kahawa, na sehemu ya wasiwasi wake ilikuwa ni watu waliokusanyika usiku kuinywa. Marufuku hiyo haikudumu. Istanbul ilipata nyumba zake za kahawa katikati ya karne ya 16, na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akazifunga. Uingereza, Mfalme Charles wa Pili alitoa tangazo la kuzifunga nyumba za kahawa mwishoni mwa Desemba 1675, akidai kuwa ni vyanzo vya uvumi na uchochezi, na siku chache tu baadaye, Januari 1676, alilazimika kulifuta.

Nyumba hizo za London zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa hizo ndizo zilizotangulia kuweka bei inayofanana na kiingilio. Mtu alilipa peni moja, akapata kahawa, magazeti na haki ya kukaa akisikiliza wasomi na wafanyabiashara wakibishana, na kutokana na hilo zikaitwa vyuo vikuu vya peni moja. Katika nyumba ya Edward Lloyd, mabaharia na wenye meli walikaa kwa muda mrefu sana hata biashara ya bima ya meli ikazaliwa mezani hapo, na jina la Lloyd's likabaki katika bima hadi leo. Laiti mzee Lloyd angewafukuza wateja wake baada ya saa moja, historia ya bima ingekuwa nyingine.

Jamii zilizoilea kahawa zamani hazikuacha ukaaji uende ovyo bila ya mpaka. Tofauti ni kuwa mpaka uliwekwa kwa adabu, si kwa saa. Oman, nchi ambayo familia nyingi za Zanzibar zina damu yake, mgeni humiminiwa kahawa ya iliki kidogo kidogo katika finjani, pamoja na tende, na mmiminaji haachi mpaka mgeni aitikise finjani kwa mkono kuashiria kuwa ametosheka. Kisha huletwa chetezo cha udi, na waarabu wana msemo kuwa baada ya udi hakuna kukaa. Mgeni hunukizwa, huaga na huondoka, na hakuna aliyeaibika. Ethiopia, ilikoanzia kahawa, kikao cha kahawa huenda kwa mizunguko mitatu yenye majina yake, abol, tona na baraka, na mzunguko wa tatu ukimalizika kila mtu anajua kuwa kikao kimekwisha.

Mkahawa wa kisasa hauna chetezo. Una bili.

MIKAHAWA YA NDANI

Lugha yenyewe inakumbusha kuwa mahali pa kula palianzia kwenye kahawa. Mkahawa ni neno lililotokana na kahawa, ijapokuwa leo mkahawa unaweza kuuza pilau na biriani mchana kutwa pasiwe na tone la kahawa ndani yake. Mikahawa inayozungumzwa hapa ni ya aina mpya zaidi. Ilikuja na utalii uliofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ikashika kasi baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ikaenea Shangani, Mkunazini, Kiponda na Hurumzi, kisha ikafuata fukwe za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani.

Kabla ya intaneti isiyotumia waya kufika, mji ulikuwa umekwishaonja malipo ya saa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika miaka ya 2000, vyumba vya huduma ya intaneti vilitoza kwa nusu saa na kwa saa, na mteja alikaa akiiangalia saa ya kompyuta ikihesabu kuelekea mwisho. Hakuna aliyeona kuwa anaonewa. Vilevile vibanda umiza, ambako vijana huangalia mpira wa Ulaya kupitia televisheni ya setilaiti, hutoza kiingilio kwa mechi, na anayekaa kwenye benchi la mbao kwa dakika 90 anajua amelipia nini. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa Unguja hawakubali kulipia muda. Wanachokikataa ni kulipishwa muda katika mahali palipojitangaza kuwa panauza kahawa.

Hata hivyo, gharama za mwenye mkahawa si za kubuni. Nyumba za Mji Mkongwe ni za kuta nene za mawe na vyumba vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Chumba hicho hakiwezi kutanuliwa. Mabadiliko ya jengo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985, na kubomoa ukuta ili kupata meza nne zaidi si jambo la kuombwa kwa wepesi. Umeme nao una historia yake. Kuanzia Desemba 10, 2009, hadi mwezi Machi 2010, Unguja yote ilikaa kizani kwa takriban miezi mitatu baada ya mitambo ya kupokelea umeme wa kutoka Bara kuharibika, na kabla ya hapo, mwaka 2008, kisiwa kilikuwa kimepita katika giza la karibu mwezi mzima. Wenye mashine za espreso walinunua majenereta na mafuta. Muuza kahawa wa barazani aliongeza makaa tu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mkahawa una meza nane, na wakati wake wa wateja wengi ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ikiwa kila meza inapokea wateja wapya kila baada ya saa moja, kwa muda huo makundi 32 yatahudumiwa. Meza tatu zikishikwa tangu mwanzo hadi mwisho na watu wenye kompyuta za mkononi, kila mmoja na kikombe chake kimoja, makundi yanashuka hadi 23. Tisa yaliyobaki yamechungulia mlangoni, yakaona pamejaa, yakaenda kwa jirani. Mhudumu wa kawaida haioni hasara hiyo kwa kuwa aliyeondoka mlangoni haingii katika daftari.

Lakini hesabu hiyo ni ya Julai na Agosti. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, watalii wanapopungua na mvua zikinyesha mfululizo, meza hukaa tupu, na yuleyule mwanafunzi aliyeonekana kuwa mzigo anageuka kuwa pambo la dirishani, ishara kwa mpita njia kuwa mahali hapa pana watu. Mwaka 2020, safari za ndege ziliposimama kwa ajili ya UVIKO-19, mikahawa mingi iliyotegemea wageni ilifunga milango, na iliyobaki ilibebwa na wakaazi. Mwenye mkahawa anayeweka kanuni ya saa kwa kuangalia Agosti peke yake huenda akajikuta hana wa kumhudumia mwezi wa Aprili.

NJIA ZA KUTOZA

Namna za kulipisha ukaaji ni nyingi, na haziko sawa kwa uadilifu. Iliyo wazi kuliko zote ni ya kuuza saa yenyewe. Mwaka 2011, Ivan Mitin alifungua Moscow nyumba iliyoitwa Ziferblat, yaani uso wa saa, ambako kahawa na biskuti vilikuwa vya bure na mteja alilipia dakika. Tawi la London lilipofunguliwa kuelekea mwaka 2014, bei ilikuwa peni tatu kwa dakika. Mteja alichukua saa ya mezani mlangoni na kuirudisha wakati wa kuondoka. Hapakuwa na hila.

Italia wameshika njia nyingine ya zamani. Katika sehemu nyingi, kahawa ya kunywa kwa kusimama kaunta ni ya bei ndogo kuliko ileile ikinywewa mezani, na bei zote mbili huandikwa. Venice, katika mkahawa wa Florian uliofunguliwa mwaka 1720, anayeketi nje wakati bendi inapiga huongezewa katika bili gharama ya muziki. Ni ghali, na watalii hulalamika, lakini imeandikwa.

Kampuni kubwa zimeyumba. Starbucks ya Marekani ilitangaza Mei 2018 kuwa mtu yeyote anaweza kukaa dukani mwake hata kama hakununua kitu, baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa na polisi katika tawi lake la Philadelphia mwezi uliotangulia walipokuwa wakimsubiri mtu waliyeahidiana naye kwa ajili ya mazungumzo ya biashara. Januari 2025 ilirudi nyuma na kusema viti ni vya wateja. Korea Kusini, ambako wanafunzi hukaa mikahawani siku nzima, kampuni hiyo ilikwenda mbali zaidi Agosti 2025 kwa kuwakataza wateja kuleta kompyuta za mezani na mashine za kuchapishia. Kisa cha Philadelphia kinafaa kukumbukwa na kila anayetunga kanuni ya namna hii, kwani kanuni ya ukaaji, ikiachwa kwa macho ya mhudumu, humwangukia kwanza yule asiyefanana na wateja wengine.

Karibu na nyumbani, Nairobi ilipata Java House yake ya kwanza mwaka 1999, Adams Arcade, na tangu hapo mikahawa ya namna hiyo ikawa ofisi ya wasio na ofisi. Usaili wa kazi, mikataba ya viwanja, harambee na mipango ya harusi vyote hufanyika humo. Unguja nako sura hizo hazikosekani. Dalali wa nyumba humkutanisha mnunuzi na muuzaji. Mtembeza watalii husubiri kundi lake, na papasi asiye na leseni husubiri kundi la mwenziwe. Kamati ya harusi hugawa majukumu ya mapambo na chakula. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022 kuzivutia kampuni za teknolojia, wameongezeka pia wanaofanya kazi za nje kwa kompyuta wakiwa Paje au Fumba, na hao mikutano yao huwa ya sauti, mbele ya kioo, wakiwa peke yao mezani.

Kisiwani malipo ya ukaaji mara nyingi hayaitwi kwa jina lake. Baadhi ya hoteli za ufukweni humtoza asiyelala hapo ada ya siku, ambayo wakati mwingine hurudishwa kwa chakula na vinywaji. Mikahawa midogo inayotafutwa na wengi, kama ule wa The Rock uliojengwa juu ya mwamba Michamvi Pingwe, huwataka wateja waweke nafasi mapema, na kwa hilo muda wa meza unajulikana hata kabla ya mgeni kuvuka maji. Wengine hutoa neno la siri la intaneti pamoja na risiti, likafa baada ya muda fulani. Wengine huweka kima cha chini cha matumizi. Chumba cha mkutano hukodishwa kwa saa au kwa nusu siku, na katika hilo hakuna mwenye haki ya kulalamika, kwa kuwa aliyekodi chumba alikuja kukodi chumba.

Kinachostahili lawama ni malipo yanayojitokeza mwishoni, mteja alipokwishakaa. Mtu anayeletewa bili yenye mstari wa mkutano ambao hakuambiwa amewekwa mahali pabaya: akilipa ameibiwa, asipolipa amefedheheka mbele ya wageni wake. Zanzibar ulinzi wa mlaji umo mikononi mwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na bei isiyotangazwa ndiyo aina ya jambo ambalo chombo kama hicho kimewekwa kulisikiliza. Karatasi moja mlangoni, yenye kiwango na saa zake, ingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi.

WASIO NA BARAZA

Hoja ya kawaida ya wanaotetea malipo ni kuwa asiyetaka kulipia kiti aende barazani, ambako hakuna kiingilio. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Baraza lina wenyewe. Mgeni akitoa salamu husogezewa nafasi, hilo ni kweli, lakini mazungumzo hubadilika. Baraza moja ni la wavuvi, jingine la walimu wastaafu, jingine la chama fulani. Na kuliko yote, baraza la njiani ni la wanaume. Wanawake wa mjini walikuwa na ua, uchochoro wa nyuma, jiko la shughuli na ukumbi wa harusi. Mwanamke anayekaa Jaws Corner akinywa kahawa na kubishana habari za bajeti ataangaliwa na uwanja mzima.

Mkahawa wa ndani ulibadilisha hilo kimya kimya. Humo mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anaweza kukaa na wenzake wakaandika ripoti. Mwalimu wa skuli, mke wa mtu, mjane anayeuza viungo kwa wageni, wote wanaweza kukutana hapo bila ya kuhitaji maelezo. Kijana aliyehamia kutoka Bara, asiye na baraza la baba yake, anapata kiti kwa bei ya kikombe. Kwa hawa, saa mbili mezani ndicho walichokuja kukinunua, na kahawa ni tiketi. Kanuni ya kutoza kwa saa haimgusi sana mtalii, ambaye ana chumba hotelini na ataondoka kabla ya dakika 40 akatazame milango ya nakshi. Humgusa mkaazi asiye na mahali pengine.

Wakati huohuo mabaraza yenyewe yanapungua, si kwa kubomolewa bali kwa kubadilishwa matumizi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu au za serikali, nyingine zimekodishwa kwa muda mrefu na kugeuzwa hoteli na maduka. Idadi ya wageni wa kimataifa Zanzibar ilivuka 600,000 mwaka 2023 na kupita 700,000 mwaka 2024, na kila mmoja wao hupita vichochoro vilevile. Jiwe lililokaliwa na wazee jioni sasa hupangwa kanga, vinyago na picha za Tingatinga, au husimama hapo mlinzi wa hoteli ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayekaa. Aliyeondolewa hapo hatatozwa shilingi. Ataondolewa tu.

Mahali pa wazi palipobaki pakubwa ni Forodhani. Bustani hiyo ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na viti vingi, ukuta wa bahari na wauza chakula wa usiku. Familia nzima, wanawake na watoto pamoja, huweza kukaa hapo hadi usiku bila ya kununua kitu, na ndiyo maana hujaa. Haina paa wala soketi ya umeme, na kwa mkutano wa kazi haifai.

Mwezi mmoja katika mwaka utaratibu wote hupinduka. Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufunga mchana au huhudumia wageni nyuma ya mapazia, na wenye vikao hurudi maofisini na majumbani. Baada ya sala ya tarawehe midila hutoka tena, kashata hujaa sinia, na wale wanaouza kahawa barazani hufanya biashara yao kubwa kuliko miezi mingine, kwa kuwa watu hukaa mpaka inapokaribia daku.